Mama, Uliniuliza Nani Bado Hajachoka

Mpendwa mama,

Sikuandikii kukuomba ushauri, maana nakujua, ungenijibu kwa swali. Nakuandikia kwa sababu natakiwa kutoa jibu kazini kabla wiki haijaisha, na kila nikikaa kulifikiria nakuona wewe pale Karatu, mgongo ukutani, sweta la shule la mtoto wa watu mapajani, unahesabu mishono na kujifanya husikii tunavyobishana.

Ile gemu yangu ya simu uliiacha ikiwa vipande. Ile ya kuinga ndege, kuwafukuza kwenye shamba la ngano. Iliisha, mama, na watu waliipenda. Siku moja nilikuwa kwenye foleni ya benki hapa Dar, mbele yangu kuna mama wa makamo anabonyeza simu huku anawatukana ndege wangu kwa sauti ya chini. Nilitamani kumgusa bega nimwambie, lakini nikaona haya.

Sasa wenye kampuni ya simu waliotuagiza wanataka ya pili. Nasema ya pili kwa heshima tu. Wanataka ile ile, ndege wageuzwe popo, ngano iwe mahindi, na Krismasi ikifika popo wavishwe kofia nyekundu. Bosi wangu, kaka Joeli, ambaye ni mtu mwema na ndiyo maana jambo lenyewe linakuwa gumu, amesema ni kazi ya kubadilisha rangi. Nikikubali, nina kazi mwaka huu na mwaka kesho. Nikikataa, sina kitu kingine mkononi, wala kichwani. Hapo kwenye "wala kichwani" ndipo panaponinyima usingizi.

Unakumbuka, baba alikitaka kile chumba cha mbele cha nyumba yetu kiwe bucha. Alikuwa anaendesha watalii kwenda Ngorongoro, anarudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na alikuwa amekwisha kupima ndoana za nyama zitakaa wapi. Wewe ukaenda nyumbani kwa meneja wa hoteli aliyekuwa anahama, ulisikia anauza mapazia. Ukarudi bila mapazia. Ulirudi na mashine ya gemu, runinga yenye mgongo mnene, na pedi mbili za kuchezea, moja imezungushiwa utepe wa fundi umeme.

"Mama Eliya, hii ni nini?" baba akauliza.

"Ni biashara."

"Ya nani?"

"Ya watoto wa watu ambao wakitoka shule wanakaa barabarani kuomba pipi kwa wazungu. Waje wakae ndani." Ukaenda jikoni kuinjika ndizi. Kwa upande wako mjadala ulikuwa umefungwa.

Watu wa kanisani walikusema, unajua. Mke wa mwinjilisti alikuja akasimama mlangoni akaangalia watoto walivyobanana kwenye benchi, akauliza kama hiyo si kazi ya shetani. Ukamkaribisha chai. Alikunywa vikombe viwili akimwangalia mwanawe anavuka mto kwenye skrini, na mtoto alipotumbukia yule mama alishtuka mpaka chai ikamwagika. Hakuuliza tena habari za shetani.

Wewe mwenyewe hukuwahi kushika pedi. Ulisema vidole vyako ni vya sindano. Majina ya watengenezaji yalikuwa ya Kiingereza na Kijapani, hakuna aliyeweza kuyatamka, kwa hiyo ukawapa majina yako kutokana na alama inayotokea gemu ikianza. Kulikuwa na Wale wa Mpira, Wale wa Jogoo, Wale wa Taa. Mji mzima ukafuata. Watoto waliokuja Jumamosi na malori ya maharage kutoka Mbulumbulu walikuwa wanaingia wakiuliza, "Mama Eliya, kuna kitu cha Jogoo leo?"

Na ubishi wetu wa kila siku ulikuwa huo huo: nani bado anatengeneza gemu nzuri, na nani ameishiwa. Safari, yule mtoto wa mkulima wa ngano aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mwili wake, alikuwa wakili wa Wale wa Mpira. Mimi nilikuwa siwapendi hata kidogo. Kila mwaka kiwanja kile kile, wachezaji wale wale, jezi mpya. Safari akasema, "Sasa ulitaka mpira uwe na pembe?" Watoto wakacheka, na mimi nikanuna mpaka jioni. Tuseme ukweli, mama, hao wa mpira ndio waliotulisha. Benchi lilikuwa halipoi.

Wale wa Jogoo walituumiza zaidi kwa sababu tuliwapenda. Ile yao ya kutoroka gerezani, unaikumbuka? Watoto walikuwa wanatoka nje wanatambaa chini ya ua wa jirani. Ikaja ya pili, gereza jingine, tukasema sawa. Ikaja ya tatu, nikaicheza mpaka katikati, nikagundua ni lile gereza la kwanza limepakwa rangi. Hata mlinzi alikuwa anasimama pale pale. Niliweka pedi chini nikakutazama, na wewe ukasema tu, "Nimeona."

Ulikuwa unaona, hilo ndilo lililokuwa linanishangaza. Uliuza mitumba miaka mingi kwenye mnada kabla ya kile chumba, na gemu ulizichukulia kama belo. Ulisema kila belo lina shati zuri juu, ndiyo kazi ya juu. Kwa hiyo CD mpya haikusifiwa siku ya kwanza. Ilichezwa Jumapili baada ya ibada, mbele ya wote, mpaka ifike katikati, na wewe unafuma. Kipimo chako hukutuambia kwa muda mrefu. Nilikudadisi mpaka ukachoka, ukasema unaangalia wanaosubiri zamu. Gemu ikiwa mbovu, wanaosubiri wanahesabu zamu na kusukumana. Ikiwa nzuri kweli, wanasahau kwamba wanasubiri.

Kwa kipimo hicho hakuna aliyewafikia Wale wa Taa. CD zao ulikuwa unazichukua Arusha ukienda kwa mambo yako ya nyuzi. Skrini inakuwa nyeusi, kisha taa ya chemli inatokea, inawaka polepole na kimuziki kifupi, halafu hujui utapelekwa wapi. Mara ni binti kipofu anayetafuta njia kwa kupiga makofi na kusikiliza mwangwi. Mara unajenga daraja na mto unajaa. Mara ni mzee wa posta anapandisha vifurushi kijiji cha milimani, baridi imemshika kama sisi mwezi wa saba, na hakuna hata mtu wa kumpiga. Safari alikasirika na ile. "Sasa adui yuko wapi?" Alicheza mpaka ukamwambia lori lake linaondoka.

Nilikuwa nalala nikiwawaza hao watu. Niliwapangia ofisi kichwani, ndefu, madirisha mengi, kila mtu anakuja asubuhi na wazo ambalo jana halikuwepo. Nilitaka kwenda kukaa nao.

Ndiyo maana nilipomaliza kidato cha nne, na baba akasema ameshaongea na mtu nitasomea hoteli, nikae mapokezi, nivae sketi ya bluu na kuwaambia wageni karibuni, nilisema nataka kompyuta. Baba akauliza ya kufanya nini. Nikasema, kutengeneza gemu. Baba hakugomba. Aliangalia dari, akatoka kwenda kukagua matairi ambayo alikuwa ameyakagua tayari.

Wewe ulimaliza mstari uliokuwa unafuma. Kisha ukaniambia, "Kaa."

Nikakaa.

"Mimi nimekaa sokoni. Sijaona mtu anayeanza vibaya. Muuza sambusa anaanza na nyama, mwaka wa pili nyama na viazi, mwaka wa tatu unakula viazi na jina la nyama. Fundi cherehani hivyo hivyo. Nikikupeleka hotelini najua unakwenda kufanya nini kila siku, na ni sawa, hiyo kazi haijidai kuwa kitu kingine. Lakini hii yako unasema ni ya kutunga kipya. Sasa nitajie mmoja tu anayeifanya miaka yote na bado hajachoka. Kama inamchosha kila mtu, sikupeleki mwanangu huko akachoke na yeye."

Sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Wale wa Taa."

Ukaitikia kwa kichwa taratibu. Uliniamini, kwa sababu na wewe ulikuwa umewaona. Ukasema safari yako ijayo ya Arusha utamuuliza yule muuzaji habari zao, wako wapi, ni watu wa namna gani, wanachukua vijana au vipi. Wiki ile nilifua nguo za nyumba nzima bila kutumwa.

Ulirudi jua limeshaegemea, bado umevaa kitenge cha safari. Hukunisalimia vizuri. Ulikaa kwenye benchi la watoto, siyo kiti chako, na mimi nikajua.

"Nimemuuliza," ukasema. "Nikamwambia, kijana, hawa Wale wa Taa mwanangu anataka kwenda kusoma kazi yao, ni watu wa wapi? Akacheka. Akasema, mama, hao ni mimi."

Sikukuelewa. Ikabidi unieleze pole pole. Yule mtu alikuwa anapata CD kutoka kila mahali, za wageni, za wanafunzi waliotoka nje, anazinakili kwenye kompyuta yake nyuma ya duka la viatu. Alama za wenyewe alizikata, akaweka taa yake mbele, ili wanunuzi wa Moshi na Karatu na Babati wajue CD ni yake. Hakutengeneza hata moja. Hakukuwa na ofisi. Hakukuwa na madirisha. Mji mzima ulikuwa unamsifu mtu wa kunakili, na mimi nilikuwa nimemtoa yeye kama shahidi wa maisha yangu.

Nililia, mama. Nililia kwa hasira na kwa aibu, na zaidi kwa sababu nilikuwa najua umesema mmoja tu, na huyo mmoja hayupo. Nikakuambia basi, nitaenda hotelini. Nilikuwa nimeshaanza kuona ile sketi ya bluu.

Ukasema, "Sijamaliza."

Ulikuwa umekaa naye mchana kutwa, kumbe. Ulimwuliza hizo gemu kazichaguaje. Akakuambia anapewa nyingi, anazicheza zote mpaka mwisho, zinazomchosha anatupa. Kila iliyobaki ilitoka kwa watu tofauti. Ya binti kipofu ilikuwa na watu wake, ya daraja na watu wake, ya mzee wa posta na watu wake. Hawajuani.

"Kwa hiyo wapo," ukasema. "Tulikosea kudhani wanakaa nyumba moja. Nimefikiria njia nzima kutoka Makuyuni. Huenda hakuna anayefanya vizuri kila mara. Huenda mtu anapata kimoja, viwili, halafu inabidi aanze upya kama hajawahi. Hiyo mbona ndiyo inaonekana kazi kweli."

Kisha ukamwita baba, ukamwambia nikasome kompyuta. Baba, ambaye ulikuwa umemweleza sharti lako, akauliza kama nimekutajia huyo mmoja. Ukasema hapana. Akangoja useme kitu kingine, wewe ukaenda kuvua kitenge cha safari. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka chuoni na gari la kazi, na njiani alinunua machungwa mengi kuliko niliyoweza kula.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai. Chuoni, intaneti ilipopatikana, nilikuwa nakaa kwenye kafe nikiwatafuta. Nilikuwa naandika maneno kama "gemu mzee posta mlima" mpaka kijana wa kafe akaanza kunihurumia. Niliwapata karibu wote. Waliotengeneza ile ya daraja walinunuliwa na kampuni kubwa, na sasa wanatoa madaraja yenye namba, la nne, la tano, ukiliona moja umeyaona yote. Wa binti kipofu walivunjika, mmoja wao anauza bima. Nilisoma kwamba wengine wamefunga, na wengine hawajulikani walipo. Nilikuwa natoka pale kafe moyo mzito, kwa sababu swali lako lilikuwa limenifuata mpaka Dar na jibu lilikuwa linazidi kuwa baya.

Ila mzee wa posta. Hao nao niliwapata. Ni mume na mke, na rafiki yao anayetunga muziki, wanafanyia sebuleni. Baada ya ile gemu walinyamaza miaka. Watu waliwaandikia, tupeni vifurushi vingine, tupeni mlima mwingine. Hawakutoa. Walipotokea tena walikuwa na gemu ya kulea bustani gizani, kwa harufu, ambayo haifanani na posta hata kwa bahati mbaya. Nayo ni nzuri. Tena baada yake wakanyamaza. Nilipoisoma habari yao nilitaka kukupigia simu, lakini nikasema nitakuja Krismasi nikueleze mbele ya chakula. Krismasi ile ndiyo nilikuja nikakukuta umelala, umekonda, na wewe ukataka kusikia habari za chakula cha chuoni tu.

Watu wananiuliza leo, kwa kuwa niko kwenye kazi hii, kampuni gani bado ni ya kuaminika. Wanataka jina. Nawaambia siamini jina tena. Nawaambia waangalie mtu anafanya nini baada ya kupendwa. Wanaona nakwepa swali.

Na mimi sasa nimependwa kidogo, mama. Ni kitu kitamu. Sikujua kilivyo kitamu. Naweza kuweka popo kesho asubuhi na mchana nikala vizuri, na yule mama wa benki atafurahi, na hakuna atakayenidai chochote. Kinachonitisha si popo. Ninaogopa kwamba huenda nilikuwa na gemu moja tu ndani yangu, ikatoka, na nikikataa popo ndiyo nitagundua hivyo, na watu wote watagundua pamoja nami. Kumbe Wale wa Jogoo hawakuwa wavivu. Siku hizi nawaonea huruma. Nadhani walikuwa na hofu hii hii, wakashika kopo la rangi.

Niliiacha barua hapa jana. Naendelea leo jioni.

Nilienda kwa kaka Joeli asubuhi kabla wengine hawajafika. Alikuwa anakula chapati juu ya kompyuta, jambo ambalo yeye mwenyewe amelikataza. Nikamwambia siwezi kutengeneza ya popo.

"Dada yangu," akasema, "watu wanataka ile ile."

"Najua."

"Sasa shida iko wapi?"

"Ile nimeshaitengeneza."

Akatafuna. Akaniuliza kama nina nyingine. Nikamwambia sina. Akaniuliza kama nina wazo la nyingine, hata dogo, la kuwapelekea wale watu ili watulie. Nikamwambia sina. Nilitamani kudanganya, kwa sababu aliniangalia kwa upole sana, lakini sikuwa na la kudanganyia. Akasema popo atampa kijana mwingine, wale watu hawawezi kungoja, na mimi akinibakiza bila kazi wenzangu watauliza. Nikasema naelewa. Akanipa nusu ya chapati. Tukaila tumesimama, halafu nikakusanya vitu vyangu kwenye mfuko.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Baba nimempigia, akaniuliza kama nina nauli ya kuja nyumbani. Nikamwambia ninayo. Akasema chumba changu kina magunia ya mahindi ila atayaondoa.

Nimekaa kitandani tangu saa kumi. Nimefungua kompyuta, hakuna kitu ndani yake. Ninaogopa kuliko siku ya kwanza chuoni. Na chini ya hiyo hofu kuna furaha, mama, ndogo, ya kijinga, imekaa tu. Nimezunguka nayo chumba kizima nikitafuta wa kumwambia, na nikaona hakuna anayeifahamu ila wewe.

Pumzika salama, mama yangu.

Ni mimi, kitindamimba wako.